Karatasi Zilizonyooshwa

Katika mtaa ule hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa walimwita Fundi Taipu, wadogo walimwita Babu Taipu, na mshona viatu wa mlango wa pili, ambaye kwake utani ulikuwa sehemu ya pumzi, alimwita Bwana Makarani. Enzi zile makarani wa ofisi zote za mji walikuwa wakipanga foleni mlangoni pake, kila mmoja amekumbatia mashine yake kama mama aliyempeleka mtoto kliniki. Kazi yake ilikuwa kutengeneza taipureta. Aliianza akiwa hajaota ndevu, akaishika miaka arobaini na mmoja, na katika muda huo wote Mwenyezi Mungu alimjalia riziki ya halali isiyofurika wala kukauka.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, chenye mlango wa mabawa mawili ulioelekea barabarani na mwingine mwembamba ulioingia ukumbini. Meza ya kazi ilikaa chini ya dirisha. Juu yake palikuwa na jiliwa la chuma la kubania vitu, lililofungwa kwa skrubu nne, taa ya shingo ya kupinda, na makopo ya springi na skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa hivi kwamba aliweza kuyafikia bila kuinua macho. Kwenye rafu zilikuwapo taipureta kumi na nne zilizofunikwa vitambaa vya tarizi alivyovishona mkewe, zimetulia kama wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani ila ndugu zao hawajaja kuwachukua.

Alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa mzee aliyemfundisha ufundi, na hakuwahi kuivunja. Karatasi ya mteja iliyoingia chumbani mle haikutoka na mkunjo. Iwe barua ya mahakama, iwe risala ya arusi, iwe kile kipande alichojaribia mashine, aliiweka baina ya mbao mbili laini, akazibana mbao zile ndani ya jiliwa, akaziacha hadi kesho yake. Karatasi ilitoka imenyooka utadhani haijawahi kuguswa na mkono wa mwanadamu. Makarani walikuwa wakisema kwamba barua iliyopita kwa Fundi Taipu hutambulikana hata ikiwa ndani ya bahasha.

Kisha kompyuta zikaingia maofisini, foleni ikapungua, ikawa mtu mmoja mmoja, ikawa mtu wa kupotea njia. Mwaka ule tuusimuliao, tangu ulipoanza, walikuwa wameingia wawili tu: mmoja aliuliza kama anauza betri za saa, na wa pili alitaka kivuli mvua ipite.

Binti yake alikuwa msusi, tena msusi wa kutafutwa, lakini alisukia watu kwenye kibaraza cha kupanga ambapo asubuhi jua lilimfuata na jioni mvua ilimfukuza. Alikitaka chumba cha mbele. Hakukiomba kwa kuvunja heshima. Alikiomba kwa kukisifu, kila ajapo, akisema kina mwanga mzuri kwa kioo na ukuta mzuri kwa viti. Mama yake alikuwa upande wake. Siku moja wote wawili walimweka Fundi kati baada ya chakula, wakamweleza kwa upole kwamba mashine kumi na nne zisizo na wenyewe si duka bali ni makumbusho.

Fundi akatoa ahadi. Mwezi ule ukiisha bila kuingia kazi ya kweli, kazi yenye kuendelea, funguo angezikabidhi kwa mkono wake.

"Kazi yenye kuendelea, Baba," binti alikazia. "Mtu wa kuuliza betri hahesabiwi."

"Hahesabiwi," alisema Fundi.

Kila aliyemjua Fundi Taipu alifahamu kwamba akishatamka, amekwisha tamka. Kuanzia siku ile hata mshona viatu alianza kumhesabia siku, akimuuliza asubuhi kama amekwisha jifunza kushika kitana.

Mkewe naye alikuwa na kiti chake kizingitini, baina ya chumba na ukumbi, ambapo alikaa na ungo kila siku kabla ya kupika akichagua mchele. Mtu aliyepita haraka asingeona ajabu. Aliyesimama angeona kwamba uso wa mama yule ulielekea barabarani, akisalimiana na wapitao, hali vidole vyake vyenyewe vikienda huku na huku ndani ya ungo, vikitupa kijiwe, vikitenga chenga, vikiacha punje nzima. Fundi alikuwa ameyaona hayo kwa mwaka mzima na hakuyafikiria. Tuvionavyo kila siku ndivyo tuvitazamavyo kidogo kuliko vyote.

Tarehe ishirini na mbili, mshona viatu aliingia akimwongoza mwanamke wa makamo, mrefu, aliyevaa gauni lililopigwa pasi vyema, mkono mmoja ameshika fimbo nyeupe na mwingine amekumbatia mfuko mzito.

"Bwana Makarani, amka," alisema mshona viatu. "Umeletewa maiti mwingine."

"Si maiti," alisema yule mwanamke, akautua mfuko mezani baada ya kuipapasa meza. "Anapumua. Ila anaruka nukta."

Alikuwa mwalimu wa shule ya watoto wasioona iliyo mtaa wa pili, naye mwenyewe alikuwa haoni tangu utotoni. Alitoa mashine ambayo Fundi hakupata kuona mfano wake. Ilikuwa ya chuma, nzito kama tofali, yenye vibonye sita tu, vitatu huku na vitatu huku, na kirefu kimoja katikati. Haikuwa na utepe wa wino. Haikuwa hata na herufi.

Mwalimu alimuuliza kama amepata kutengeneza mashine ya nukta nundu. Fundi angeweza kujibu kwa namna ya kuzungukazunguka, na wengi katika hali yake wangefanya hivyo. Lakini alikuwa mtu wa kumcha Mola wake hata katika mambo ya skrubu.

"Sijawahi hata kuiona, Mwalimu. Nimetengeneza tu kila kitu chenye vibonye na springi."

"Hilo linanitosha," alisema Mwalimu. "Waliosema wanaijua wamenirudishia mara mbili ikiwa hivi hivi."

Akamwelekeza. Herufi zote za wasioona, alisema, hutokana na nukta sita zilizopangwa safu mbili za tatu tatu, kama vifungo vya koti la heshima. Mwandishi hubonyeza vibonye kadhaa kwa pamoja, na misumari midogo iliyomo ndani huisukuma karatasi ikatoa vinundu. Katika mashine hii msumari wa nukta ya tatu, ile ya chini kushoto, ulikuwa umechoka tangu mashine ilipoanguka kutoka mezani. Nukta moja ikikosekana, herufi hugeuka nyingine, na mtoto anayeanza kusoma hulia akidhani yeye ndiye mjinga.

Halafu alitoa bunda la karatasi nene arobaini na mbili, akalishika kwa muda kabla ya kuliachia.

"Hizi nakuachia uone ugonjwa ulipoanzia. Za juu ni nzima, za chini nukta ya tatu inafifia. Ni kitabu cha hadithi cha darasa langu la kwanza. Nimekitunga kwa miaka miwili, na hakina pacha, Fundi."

"Kiko mikononi mwangu," alisema Fundi.

Tena Mwalimu alisema neno lililomfanya mshona viatu aache kuegemea mlango. Stoo ya shule ilikuwa na mashine nyingine kumi na moja zilizokufa. Mkuu wa shule alikusudia kuziuza kama vyuma chakavu, naye Mwalimu alimwomba subira ajaribu fundi mmoja wa mwisho. Hii ikipona, na kitabu kikaisha, mkuu angezileta zote, na baada ya hizo zingekuwapo za kuhudumia kila muhula. Angerudi siku ya tatu kusikia matokeo.

Alipoondoka, Fundi alilitaja jina la Mola wake, kama afanyavyo kabla ya kushika bisibisi, akaifungua mashine. Alishinda nayo siku mbili. Alikuta mkono mdogo wa msumari wa tatu umepinda kwa upana wa unywele, na springi yake imelegea kama utumbo. Mkono aliunyoosha. Springi aliitafuta makoponi asipate ya kufaa, hadi alipoifunua ile taipureta ya mahakama iliyokaa rafuni miaka kumi na tisa, akaiomba radhi, akaitoa springi ya kibonye cha alama ya ulizo. Ilikaa mahali pake kana kwamba iliumbwa kwa ajili hiyo. Alipobonyeza vibonye sita kwa pamoja, nukta zilijitokeza safu kwa safu kama watu waliojipanga kwa sala. Aliandika mstari mzima, akautazama, moyo wake ukanyanyuka.

Basi hapo, katika furaha ile, mikono yake ikafuata mazoea na kusahau habari ya vinundu. Alilitazama lile bunda la Mwalimu akalionea huruma. Karatasi zilikuwa zimefura, hazilaliani, ngozi yake imejaa vipele. Maskini Mwalimu, aliwaza, haoni, na hapana aliyemwambia kwamba maandishi yake yametoka hivi. Akaleta zile mbao mbili. Alizibana karatasi kwa makundi ya saba saba, kila kundi saa moja badala ya usiku kucha, akilikaza jiliwa kwa nguvu zaidi kuliko kawaida kwa kuwa karatasi zilikuwa nene na kaidi. Alipozitoa alizikagua moja moja. Nukta zote zilionekana, kila moja mahali pake. Kilichoondoka, kwa mawazo yake, ni uvimbe tu. Akazifunga kwa uzi mweupe, fundo la kipepeo juu.

Mwalimu alirudi siku ya tatu baada ya masomo. Mshona viatu alikuwapo, kwa sababu alikuwa amejialika. Fundi aliweka karatasi ndani ya mashine na kumkaribisha Mwalimu kitini. Mwalimu aliandika haraka, kwa mlio kama wa mvua ya kwanza juu ya bati, kisha akapitisha kidole juu ya mstari, akakipitisha tena.

"Nukta ya tatu imelala," alisema.

Fundi aliinama. "Mwalimu, mbona naiona? Ile pale, imesimama kama wenzake."

"Waiona kwa macho, Fundi. Kwa kidole imelala."

Fundi alipata fadhaa, lakini si ya kumvunja, kwa kuwa alijua kwamba kilichokaribia kupona kinaweza kupona. Ili kumpoza Mwalimu, alimkabidhi bunda lake kwa mikono miwili. Mwalimu akafungua fundo. Aliweka vidole juu ya karatasi ya kwanza, akavipeleka kuume, akavirejesha. Akaigeuza, akashika ya pili. Akaruka mpaka ya kumi.

"Fundi, hizi ni zangu?"

"Ni zako, Mwalimu. Nimezinyoosha tu."

"Umezinyoosha."

"Zote arobaini na mbili," alisema Fundi, na katika sauti yake fahari ilikuwa bado haijapata habari.

Mwalimu aliweka viganja vyote viwili juu ya bunda, akavituliza. "Basi umenirudishia karatasi nyeupe."

Mshona viatu, ambaye hakupata kukosa neno hata msibani, alitoka nje akaenda kukaa mbele ya viatu vyake. Fundi aliishika karatasi moja, akapitisha juu yake kidole gumba kilichokomazwa na miaka arobaini ya chuma na mafuta. Hakikuhisi kitu, lakini hakingehisi kitu hata kabla hazijabanwa. Ndipo alipofahamu. Ule uvimbe alioutoa ndio uliokuwa maandishi.

"Nimekuharibia, Mwalimu."

"Umeniharibia," alisema Mwalimu bila kupandisha sauti. "Nikikwambia la, nitakuwa mwongo. Mwanzo wa hadithi ninao kichwani, na mwisho ninao. Lakini katikati ndimo nilimohangaika miaka miwili."

Mkewe alikuwa ameyasikia yote kutoka kizingitini. Aliingia akijifuta unga wa mchele mikononi, akamsalimu mgeni, na kwa kuwa hakujua la kusema, aliichukua ile karatasi ya majaribio iliyokuwa bado mashineni akaipapasa, uso ameuelekeza mlangoni kama kawaida yake.

"Hizi nyingine ni mchele mzima," alisema. "Hii ya chini kushoto ni chenga."

Mwalimu aliinua kichwa. Alimwomba arudie. Kisha aliichukua karatasi mkononi mwake, akaigeuza juu chini, akamrudishia.

"Sasa chenga iko juu kulia," alisema mama.

Mwalimu alicheka, kicheko chake cha kwanza katika nyumba ile. Alisema kwamba anao walimu wenzake wenye vyeti ukutani wasioweza kulihisi hilo, akamuuliza amejifunzia wapi.

"Kwenye ungo," alisema mama, naye akawa anatabasamu. Kisha tabasamu likapungua kidogo. "Macho yalipoanza kuniaga, nikawa sina budi."

Fundi alimtazama mkewe. "Tangu lini, Mama Watoto?"

"Tangu mwaka jana, Baba Watoto. Nawe ulikuwa na huzuni yako ya mashine. Sikutaka kukuwekea nyingine juu yake."

Hapo Fundi alikumbuka kile kitabu cha dua ambacho mkewe alikifungua kila alfajiri, na akatambua kwamba ni miezi mingi hajasikia ukurasa ukigeuzwa. Aliona aibu iliyozidi hata ile ya karatasi. Lakini aibu ya mtu mwema humpeleka kwenye kazi, na macho yake yalikuwa bado juu ya bunda lile.

"Mwalimu," alisema taratibu, "wewe huzioni, na vidole vyako havizihisi. Mimi ninaziona. Sijui zinasema nini, lakini nikikutajia nukta moja baada ya nyingine, hutaweza kuziandika upya?"

Fundi alikuwa amekwisha funga madirisha. Alipokuwa akitafuta mkwaruzo kwenye roli ya taipureta, njia yake ilikuwa kuilaza taa mpaka mwanga utambae juu ya chuma, kwa maana mwanga utokao ubavuni hufichua kila kilichoinuka hata kwa upana wa unywele. Aliilaza taa kando ya karatasi ya kwanza. Kila nukta iliyobanwa ilitupa kivuli chembamba kama kope.

"Safu ya kushoto huhesabiwa moja mpaka tatu kushuka chini," alisema Mwalimu, akivuta kiti. "Ya kulia, nne mpaka sita. Haya, taja."

Lakini kwanza ilibidi msumari upone. Fundi alikaza skrubu kwa robo ya robo, Mwalimu akabonyeza, na mama akapokea karatasi kama apokeavyo ungo.

"Chenga," alisema. Fundi akakaza. "Chenga bado." Akakaza tena. "Hii imekatika kichwa tu." Akapumua, akagusa skrubu kana kwamba anamgusa mtoto aliyelala. Mama alipapasa kwa muda mrefu kuliko mara zote. "Mchele."

Mwalimu akahakikisha, akasema ni mchele.

Kuanzia siku ile, kila alasiri baada ya masomo, madirisha ya chumba cha mbele yalifungwa na taa ikalazwa. Fundi alitaja namba, Mwalimu akaandika, na mama akapitia kila karatasi iliyokamilika akitafuta chenga. Mshona viatu alikataa kufukuzwa. Alipewa kazi ya kuzipanga karatasi, akakatazwa mara tatu asizipange kwa kuzikandamiza.

Mwanzoni Fundi alitaja kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. "Moja, tatu. Moja, tatu, sita. Moja, tatu. Moja, tatu, sita."

"Kuku," alisema Mwalimu.

"Yuko wapi?"

"Hapo ulipotaja. Umemsema kuku."

Fundi aliikodolea macho karatasi, na kwa mara ya kwanza vipele vile vikawa na manyoya. Alirudia mstari peke yake kwa kunong'ona. Akagundua kwamba nukta ya tatu imo katika kila herufi ya neno lile; kwamba mashine ile, kabla ya kutengenezwa, haikuwa na uwezo wa kuandika kuku hata mmoja. Alimweleza Mwalimu ugunduzi huo kwa uzito wa mtu aliyefumbua siri ya nyota. Mwalimu alimjibu kwamba watoto wake wamekuwa wakilijua hilo muhula mzima, maskini, kila walipomtafuta kuku wasimpate.

Ilikuwa hadithi ya kuku aliyekataa kuingia bandani mpaka aombwe kwa heshima. Kwenye karatasi ya tisa Fundi alisita kutaja. Mwalimu alidhani kivuli kimepotea, kumbe mzee alikuwa ametangulia kusoma kimyakimya ajue kama mwenye banda atamwomba au la. Alikaripiwa, akaomba radhi, akatangulia tena baada ya mistari mitano. Palipofifia nukta ya tatu katika karatasi za mwisho, Mwalimu aliijaza kwa akili, na palipotatanisha, walibishana. Mara moja Fundi alishikilia kwamba kuku amepanda juu ya paa, na Mwalimu, mtunzi mwenyewe, akashikilia kwamba hajapata kumpandisha kuku paani maishani mwake. Waliitazama upya kwa taa. Alikuwa amepanda.

"Miaka miwili ni mingi," alisema Mwalimu. "Nilimsahau huko."

Mama alizidi kusogea. Siku ya pili alikuwa akijua herufi saba, siku ya tatu kumi na mbili. Alizitambua kwa namna yake, akiziita kwa mahali pa punje, na alipofika kwenye neno kamili la kwanza alilolisoma mwenyewe, bila kutajiwa, alilikariri mara mbili kisha akaenda jikoni. Alirudi baadaye na chai kwa wote. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya mwisho ya mwezi binti aliwasili saa tisa akiwa na tepu ya kupimia shingoni. Alikuta mlango umerudishwa, madirisha yamefungwa mchana kweupe, na sauti ya baba yake ikihubiri tarakimu gizani. Mshona viatu alikuwa nje akitafuta hewa.

"Baba anapiga mnada?" alimuuliza.

"Wanasoma kuku," alisema mshona viatu. "Wamebakisha nusu karatasi. Ingia kwa adabu."

Aliingia. Fundi alipomwona alinyamaza, akatoa funguo kwenye msumari wa ukutani, akaziweka mezani mbele ya binti yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mkono ulikaa juu ya funguo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Mwezi umeisha. Kazi imekuja, lakini nilisema kazi yenye kuendelea, na hiyo bado haijafika mlangoni. Chukua."

Binti hakuzigusa. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amefumba macho na vidole vikienda juu ya karatasi, midomo ikicheza. Akamgeukia Mwalimu, akamwamkia, akauliza kazi hiyo inangoja nini. Mwalimu alieleza kwamba mkuu wa shule amekwisha iona mashine na kuridhika; alichosubiri ni kitabu kilichoandikwa kwayo, mwanzo mpaka mwisho, ndipo atume gari na zile kumi na moja.

"Basi mimi ndiye ninayewachelewesha," alisema binti, akaketi juu ya kopo la mafuta. "Baba, endelea."

Fundi akaendelea. Nusu ile ya karatasi ilikuwa ndiyo iliyofifia kuliko zote, na mara mbili alilazimika kuihamisha taa upande wa pili. Alipotaja nukta ya mwisho, Mwalimu aliitoa karatasi, akampa mama. Mama aliipitia kimya, mstari kwa mstari. Kisha, badala ya kusema mchele, alisoma kwa sauti, polepole, akijikwaa na kuinuka: "Kuku akasema, sasa umesema vizuri. Akaingia."

Binti alimtazama mama yake kana kwamba alikuwa amezungumza kwa lugha ya malaika. Ilibidi aelezwe habari ya macho, na kwa muda akawa si mcheshi. Alishika mkono wa mama yake, akavitazama vile vidole, akauliza kwa nini hakuambiwa. Mama alimjibu kwamba kesho wataongozana kwa daktari wa macho kama anataka, ila leo asiwaharibie kuku wao.

Binti akasimama, akajipangusa, akazichukua funguo zile akazitia mkobani. Fundi aliinamisha kichwa. Lakini msusi aliivuta tepu yake, akaupuuza ukuta wa dirisha, akapima ule ubavu mfupi karibu na mlango wa ukumbini.

"Kioo kimoja na viti viwili," alisema. "Upande huu unanitosha. Funguo nakaa nazo mimi, nitafungua kila asubuhi, maana nyinyi wazee gari la shule litawakuta mkinywa chai."

"Mafuta ya nywele yataingia kwenye mashine," alisema Fundi, ambaye sauti ilikuwa inamrudia.

"Na mafuta ya mashine yataingia kwenye vichwa vya watu. Tutagawana hasara, Baba."

Gari la shule lilikuja kesho yake asubuhi. Mashine kumi na moja zilishushwa moja moja, nazo taipureta kumi na nne zikasogezwa rafu ya juu kupisha jamaa zao wasio na herufi. Fundi alizipokea kwa kuzipa kila moja kitambaa chake. Kabla ya kuanza ya kwanza alizifungua zile mbao mbili laini kutoka kwenye jiliwa, akampa binti yake, naye akazipigilia ukutani zikawa rafu ya vitana. Mshona viatu alisema kwamba kwa mara ya kwanza zimepata kazi isiyodhuru mtu.

Kwenye mashine ya tatu kupona, Mwalimu alimwandikia mama dua moja ya alfajiri kutoka katika kile kitabu chake. Ilikuwa karatasi moja tu, nene, imefura kama andazi. Mama alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa kuihifadhi. Kabati alilikataa, na chini ya mto alipakataa. Mwishowe aliilaza ndani ya ungo wa akiba, akautundika juu ya kizingiti, na alfajiri iliyofuata Fundi aliamka kwa sauti ya mkewe akisoma.